Kutembeza Wageni Lamu Siku Nne kwa Hesabu ya Maji

Mtu anayepanga matembezi ya Lamu huanza na orodha ya mahali: mji wa kale, kijiji cha Shela, magofu ya Takwa kisiwani Manda, kisiwa cha Pate. Kisha hugawa mahali hapo siku kwa siku kama anavyopenda. Orodha ni nzuri, mpangilio ndio unaomtia taabuni. Mkono wa bahari wa kwenda Takwa na mlango wa bahari wa Mkanda wa kwenda Pate havipitiki maji yakipwa, na maji hayamngojei mgeni. Anza na tarehe ya mwezi mwandamo, ndipo upange mahali.

Hesabu ni hii. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Hayo ni maji ya bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita tatu. Kila siku kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kidogo zaidi ya nusu saa siku za bamvua na zaidi ya saa moja siku za maji mafu. Kufikia tarehe 8 na 23, siku za maji mafu, maji hujaa katikati ya asubuhi lakini hayapandi sana. Kadiria hivyo kwanza, kisha hakikisha kwa jedwali la maji na kwa nahodha.

Hapo kwenye jedwali kuna mtego. Jedwali huandika 16:00, nahodha husema saa kumi. Mgeni wa bara akisoma 10:00 husikia saa kumi, akaja jeti alasiri wakati chombo kilitakiwa kuondoka asubuhi. Kwenye karatasi ya ratiba andika kila saa kwa maneno na pamoja na sehemu ya siku: saa nne asubuhi, saa kumi alasiri. Usiandike tarakimu peke yake hata mara moja.

Kwa ratiba ya siku nne, fika Lamu tarehe 3 au 18 ya mwezi mwandamo. Pate iwe tarehe 4 au 19, mji na Shela siku inayofuata, Takwa tarehe 6 au 21. Sababu zitaonekana mbele.

Kundi lisizidi watu wanane. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, vingine vina upana wa punda mmoja na mzigo wake. Kundi la kumi na tano likisimama kutazama mlango wa kuchonga, limeziba njia ya watu wanaokwenda sokoni na msikitini. Chombo cha kundi la watu wanane ni mashua ya tanga yenye mashine, nahodha na baharia wawili. Kabla ya kulipa, iangalie mwenyewe maji yakiwa yamepwa na chombo kimekaa mchangani: utaona kalafati, pamba ya kuziba nafasi, iliyotoka baina ya mbao. Omba kuona leseni ya mamlaka ya usafiri wa majini, hesabu jaketi okozi moja moja na ujaribu kufunga vifungo vyake, uliza kama kuna mafuta ya akiba, pondo la kusukumia chombo, na upo wa kukumbia maji. Bei ipatane kwa chombo kizima kwa siku, si kwa kichwa, na itajwe wazi kama mafuta, chakula na muda wa kungoja vimo ndani. Ugomvi mwingi wa jioni jeti hutoka kwenye neno "kungoja" ambalo halikutajwa asubuhi.

Siku ya kwanza usiibebeshe mzigo. Wanaokuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda na kuvuka kwa boti. Wanaokuja kwa basi kutoka Mombasa au Malindi hushuka Mokowe na kuvuka kutoka huko. Anayekuja kwa barabara asafiri mchana, aulize hali ya usalama ya njia ya Garsen siku hiyo hiyo, na abebe kitambulisho mkononi maana vizuizi vya polisi ni vingi. Wakishafika, wale, walale, na jioni watembee ukingo wa maji tu. Waonye kuhusu ngazi za jeti: vidaraja vya chini, vile vinavyofunikwa na maji, vina mwani na huteleza vibaya. Mtu ashuke akiwa ameshikwa mkono na baharia, mzigo upitishwe baadaye.

Siku ya pili ni Pate, na ndiyo inayoharibika kuliko zote. Mkanda ni mlango mwembamba baina ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote na mchanga chini. Ukipita asubuhi na kujaa kwa saa nne, kujaa kwa pili ni usiku, kwa hiyo kurudi siku hiyo hiyo ni kupita gizani au kuzunguka Manda kwa bahari kuu. Tarehe 4 na 19 maji hujaa kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja, asubuhi na jioni tena. Ondoka Lamu saa kumi na moja u nusu alfajiri, baada ya sala, uingie Mkanda maji yakiwa bado yanajaa. Jioni ondoka Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, saa kumi u nusu, uingie Mkanda tena maji yakipanda. Kanuni haina mjadala: pita maji yakijaa. Chombo kikigusa mchanga maji yakijaa, baada ya muda mfupi kitanyanyuka chenyewe. Kikigusa maji yakipwa, mmepwelewa, na mtakaa hapo na mbu mpaka maji yapwe yote na kurudi.

Shuka Mtangawanda, chukueni bodaboda. Chagua mawili, usitake matatu: Pate mjini na Siyu, au Siyu na Shanga. Pate mjini magofu ya enzi za Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, yamesimama ndani ya mashamba ya tumbaku, na mwenye shamba ni wa kuombwa ruhusa kabla ya kukanyaga matuta yake. Siyu kuna ngome iliyoutazama mkono wa bahari, na mafundi wa viatu vya ngozi. Shanga ni mwendo wa kama saa moja kwa mguu kutoka Siyu, juani. Waambie wageni kabla watakachoona: kuta fupi na makaburi msituni. Uzito wa Shanga umo chini ya ardhi. Uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi ikitoka karne ya 8. Mgeni akilijua hilo husimama pale kimya. Asiyelijua huuliza kama hayo ndiyo yote. Kila mtu abebe lita tatu za maji kutoka Lamu.

Siku ya tatu miguu ipumzike kwa kutembea polepole mjini. Anza saa mbili asubuhi kwenye ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumika kuwa jela mpaka 1984, kisha uingie mtaani. Malipo ya makumbusho yamalizwe usiku uliotangulia kwa simu, usije ukasimamisha watu wanane mlangoni kwa sababu ya mtandao.

Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho ipewe saa nzima, ingawa ni ndogo. Wakalishe wageni kwanza dakani, ukumbi wa mlangoni, waelewe kwamba mgeni aliishia hapo mpaka alipokaribishwa. Ndani, waoneshe jinsi misana, vyumba virefu vya nyumba hii, inavyofuatana, kila mmoja ukizidi kwenda faraghani, mpaka ukuta wa zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu. Upana wa vyumba umeamuliwa na urefu wa boriti la mkoko, ndiyo maana vyote ni virefu na vyembamba. Kisha wapeleke chooni, mahali ambapo watembezaji wengi hupapita haraka. Katika birika za maji za nyumba kama hizi waliwekwa samaki wadogo ili wale mabuu ya mbu, na sakafuni mwa birika ikajengewa bakuli ya kauri, ili maji yakipungua samaki wasife. Mtu akiinama akaliona bakuli hilo, ameuelewa mji huu kuliko kwa hotuba ya nusu saa.

Ijumaa, funga matembezi saa sita mchana mpaka saa nane. Picha za watu ni kwa kuombwa, na mama aliyekataa asirudiwe. Mabega na magoti yafunikwe. Kikoi au leso kwenye mkoba hutatua jambo hilo. Ramadhani chakula cha mchana kiliwe ndani ya nyumba ya wageni.

Jua likipoa nendeni Shela, kilomita tatu, kama dakika arubaini kwa mguu kando ya maji. Maji yakijaa sehemu ya njia hulowa, basi chukueni boti. Nyuma ya Shela ni vilima vya mchanga, na hapa mtembezaji awe mkali: maji matamu yanayonywewa Lamu mjini hutoka chini ya mchanga huo. Hakuna takataka, hakuna haja ndogo vilimani, hakuna pikipiki. Kuogelea kuwe karibu na kijiji. Kadiri ufukwe unavyoelekea bahari kuu mkondo huvuta, na wakati wa upepo wa kusi huvuta kwa nguvu.

Siku ya nne, Takwa. Maji hujaa karibu saa mbili asubuhi. Ingia mkono wa mikoko saa moja u nusu, toka kabla ya saa tatu u nusu. Huo ndio muda ulio nao, na nahodha akipiga kelele kwamba maji yanaondoka, mazungumzo yakatwe hapo hapo. Oneni msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka unaolingana na 1681 au 1682. Watu wa Shela huja kuomba mvua hapo, kwa hiyo viatu na sauti vina adabu yake. Kutoka Takwa, kama ni msimu wa upepo wa kaskazi na maji ni meupe, endeleeni kisiwa kidogo cha Manda Toto kutazama matumbawe kwa miwani, kuanzia saa saba mchana maji yakiwa chini. Mtu asisimame juu ya matumbawe: yanavunjika, na yanakata mguu.

Kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, husimamisha safari za nje. Siku hiyo iende kijiji cha Matondoni, saa mbili kwa mguu au kwa punda, kwa waunda vyombo. Tafuta fundi anayetoboa mbao kwa keke, kekee ya mkono, na anayepiga kalafati ya pamba iliyotiwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya sifa haitoki nguoni haraka, waambie wavae nguo ya zamani. Nunueni kitu, au mlipeni fundi kwa muda wake. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, vyumba hujaa mapema sana. Weka nafasi miezi kadhaa kabla au chagua mwezi mwingine.

Kwa asubuhi ya kuondoka, patana na mwenye boti usiku uliotangulia, umlipe nusu, na mzigo wa punda uwe jeti nusu saa kabla ya watu.