Kulea foku ya plagini ya WordPress bila kuvunja duka la mteja

Mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, alinipigia simu asubuhi: «Papa, bei za franka zimeenda wapi?» Duka lake la mtandaoni huonyesha bei kwa dola na kwa franka, maana wateja wake wanalipa kwa zote mbili. Franka zilitoka kwenye plagini (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye WordPress, mfumo unaoendesha duka) niliyoichukua kwa mwandishi wake nikaigeuza; nakala iliyogeuzwa hivyo ndiyo foku. Mama aliona tangazo la sasisho, akabonyeza, na toleo la mwandishi likafunika langu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nafanya hivi.

Hatua ya 1: Itenge foku. Badilisha jina la folda (plagini itajizima, iwashe tena). Kisha fungua faili kuu na pale juu, penye jina na toleo, ongeza:

`Update URI: false`

Tangu WordPress 5.8 ya mwaka 2021, mstari huu unazuia plagini yako isifunikwe na nyingine yenye jina lile lile. Leseni huria ya GPL inakuruhusu kugeuza, lakini jina la mwandishi na leseni yake viache mahali pake.

Hatua ya 2: Endelea kuchota kwa mwandishi, kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili.

`git remote add chanzo ANWANI-YAKE`
`git fetch chanzo --tags`
`git merge v4.2.0`

«Chanzo» ni jina nililochagua mimi. Unganisha toleo lililotangazwa rasmi, si kazi ambayo bado iko jikoni. Fanya hivyo kila toleo linapotoka: Git inaleta kilichobadilika tu, kwa hiyo haili mega nyingi.

Kinachopunguza zaidi migongano (mimi na mwandishi kubadilisha mahali pamoja) ni hiki: kazi yangu yote iko katika faili moja, `franka.php`. Kwenye faili za mwandishi nimegusa mstari mmoja tu, ule unaoiita.

Hatua ya 3: Funga matoleo ya maktaba. Maktaba ni kodi ya watu wengine ambayo plagini inaitumia, na Composer ndiyo programu inayoileta. Hapa ndipo wengi wanaumia. `composer.json` inasema unakubali nini, `composer.lock` inasema hasa kilichowekwa. Ukiandika `^2.3.1` unakubali chochote kuanzia hapo hadi kabla ya 3.0.0. Ukiandika `~2.3.1` unaishia kabla ya 2.4.0. Faili zote mbili ziingie kwenye Git.

Kwenye seva tumia `composer install --no-dev` peke yake. `composer update` ni ya kwenye mashine yako, maktaba moja kwa wakati, ili kikiharibika kitu ujue nani kaleta.

`composer.lock` ikigongana wakati wa kuunganisha, usiishone kwa mkono. Chukua ya mwandishi, kisha rudisha maktaba zako:

`git checkout --theirs composer.lock`
`composer update jina/maktaba`

Na PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo? Mashine yangu ina 8.3, seva ya mteja ina 8.1. Composer ikitazama mashine yangu, inaweza kuchagua maktaba ambayo seva haitaiweza, na duka zima likaanguka. Iambie ukweli kabla:

`composer config platform.php 8.1.0`

Hatua ya 4: Jaribu kwenye nakala ya duka. Fungua kitenge kimoja, tazama bei zote mbili, kiweke kikapuni, fika hadi malipo. Ndipo upeleke.

Halafu mwandikie mwandishi, umwombe apokee ule mstari mmoja. Akiupokea, `franka.php` inakuwa plagini ndogo ya kujitegemea, na foku unaifuta.