Leja moja, ripoti za sarafu mbili tatu: hatua kwa hatua bila kuvuruga hesabu

Hesabu za sarafu nyingi hazimsumbui mtu kwa sababu ya kuzidisha na kugawa, hayo wote tunayajua. Shida ni kwamba ndani ya softwea kuna kazi mbili tofauti zinazokaa jirani kwenye menyu, majina yao yanafanana, na ukizichanganya ripoti inatoka safi tu, pande mbili zinalingana kabisa, ila namba ni za uongo. Kazi ya kwanza ni kuthamini upya madeni na salio zilizoko kwenye sarafu ngeni. Ya pili ni kubadilisha leja nzima, yaani daftari kuu la hesabu, iende kwenye sarafu ya ripoti. Mwongozo huu wote ni kuzitenganisha hizo mbili alafu kuzifanya kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: jua sarafu zako ni zipi

Ziko aina tatu. Kuna sarafu ya muamala, ile iliyoandikwa kwenye ankara. Kuna sarafu ya msingi, ile biashara yenyewe inaishi nayo, inayopangia bei na kulipia mishahara na gharama, na hii huichagui kwa kupenda, kiwango cha kimataifa cha IAS 21 kinasema inafuata mazingira ya kiuchumi ambayo biashara inafanyia kazi. Alafu kuna sarafu ya ripoti, hii ndo unaichagua, labda mwenye mtaji anataka kusoma kwa yuro au kampuni mama inafunga hesabu kwa dola, na unaweza kuwa nazo hata tatu.

Ya msingi ifikirie sana kabla hujaanza kuingiza chochote, manake programu nyingi zikishakuwa na miamala ndani zinakataa kuibadilisha.

Hatua ya 2: ingiza misimbo

Tumia misimbo ya herufi tatu ya ISO 4217, yaani USD, EUR, GBP, usitumie alama kama $ kwa sababu zinatumiwa na nchi nyingi. Angalia na desimali: yeni ya Japani haina senti kabisa, dinari ya Kuwait ina desimali tatu, ukiacha mbili kila mahali tofauti ndogondogo zitakusumbua kila mwezi.

Hatua ya 3: jedwali la reti

Hapa tulia kidogo. Unahitaji reti, yaani bei ya kubadilisha sarafu moja kwa nyingine, za aina tatu kwa kila sarafu: reti ya siku ya muamala, reti ya wastani wa mwezi, na reti ya siku ya mwisho wa kipindi. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho, kwa mfano Benki Kuu ya Ulaya hutoa reti za rejea za yuro kila siku ya kazi. Neno ni "siku ya kazi", kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hamna kitu, na lazima uiambie programu ichukue reti ya mwisho iliyopo, la sivyo muamala wa Jumapili unagoma au mbaya zaidi unaingia kwa reti ya 1.

Alafu mwelekeo wa reti. Hili limenichoma mwenyewe. Niliwahi kuingiza reti ya mwezi kinyume, yaani badala ya dola 1 kuwa yuro 0.95 mimi nikaipa programu yuro 1 kuwa dola 0.95, na kwa vile namba zote mbili ziko karibu na moja hakuna kilichopiga kelele. Salio la benki la dola 20,000 lilitakiwa lisome yuro 19,000, likasoma 21,052.63, na kilichonishtua wala sio ukubwa, ni hiyo 63 ya mwisho, manake elfu ishirini kamili ukizidisha na reti ya desimali mbili senti zinatoka wapi? Tangu hapo kila nikiingiza reti nachukua salio moja la benki nalipiga kwenye kikokotoo kwa mkono kabla sijaendelea.

Hatua ya 4: funga kila akaunti na reti yake

Mali na madeni vinachukua reti ya mwisho wa kipindi. Mapato na matumizi vinachukua reti ya siku ya muamala, au wastani wa mwezi kama reti haijarukaruka sana. Mtaji unabaki na reti ya siku ulipoingia, wa kale na ukale wake. Na faida iliyolimbikizwa, hapa ndo wengi wanateleza, haina reti yake: ni jumla ya faida za vipindi vilivyopita kila moja kwa reti iliyotumika wakati ule, kwa hiyo programu iisogeze mbele tu, isiibadilishe upya.

Ukitumia wastani, fanya mwezi kwa mwezi. Ukipiga jumla ya miezi sita kwa wastani wa miezi sita, namba za Januari ulizokwisha kuzituma zinabadilika na mtu atakuuliza.

Hatua ya 5: thamini upya kwanza

Hii inafanyika ndani ya sarafu ya msingi, na inagusa tu vitu vya fedha: benki, wadaiwa, wadai, mikopo. Stoo na mashine ulizonunua kwa sarafu ngeni ziache na gharama yake ya awali.

Mfano, sarafu ya msingi ni dola na una ankara ya muuzaji ya pauni 1,000. Siku inaingia pauni ilikuwa dola 1.25, kwa hiyo deni ni 1,250. Mwisho wa mwezi pauni ni 1.28, deni limekuwa 1,280, unadebiti hasara ya fedha za kigeni 30 na kukrediti wadai 30. Hiyo hasara bado haijatimia, ni ya kwenye karatasi.

Sasa weka tiki kwenye ile sehemu ya kugeuza jono (ingizo la debiti na krediti), yaani kulifuta kwa ingizo la kinyume, tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kwa nini? Kwa sababu ukilipa mwezi ujao kwa 1.27, programu nyingi zinalinganisha malipo na reti ya awali ya ankara, zinaona 1,270 dhidi ya 1,250 na kuandika hasara ya 20. Kama ile 30 hukuigeuza, vitabu vyako vina hasara ya 50 wakati ukweli ni 20, na akaunti ya wadai inabaki na 30 ya mzimu isiyo na ankara.

Hatua ya 6: ndo ubadilishe leja kwenda sarafu ya ripoti

Baada ya kuthamini upya, sio kabla, kwa sababu ile hasara ya 30 lazima iwe imeshaingia kwenye faida unayoibadilisha.

Chukua biashara mpya ya dola inayotaka ripoti ya yuro. Mtaji ni dola 10,000 ulioingia dola ikiwa yuro 0.90. Faida ya kipindi ni dola 2,000, wastani 0.92. Reti ya mwisho 0.95. Mali ukitoa madeni ni dola 12,000, yaani yuro 11,400. Upande wa pili mtaji ni 9,000 na faida ni 1,840, jumla 10,840. Pengo la 560.

Hilo pengo sio kosa, usilitafutie ankara iliyopotea na usilitupe kwenye akaunti ya muda. Linakaa kwenye akaunti yake ndani ya upande wa mtaji, tofauti ya kubadilisha sarafu, na halipiti kwenye faida na hasara ya kipindi. Fungua hiyo akaunti kabla ya kubonyeza kitufe chochote, programu nyingine isipoiona inajichagulia pa kutupa.

Hatua ya 7: thibitisha kwa mkono

Mtaji: 10,000 × (0.95 − 0.90) = 500. Faida: 2,000 × (0.95 − 0.92) = 60. Jumla 560, imekaa. Ikitofautiana kwa senti chache ni raundi, yaani kukadiria desimali. Ikitofautiana kwa mamia, anza na akaunti za mtaji, mara nyingi kuna moja imepewa reti ya mwisho wa kipindi kimakosa.

Kuhusu programu zenyewe: mifumo mikubwa kama Oracle General Ledger inakuruhusu kuweka sarafu ya ripoti kwenye ngazi ya salio, ya jono au ya leja ndogo (kama ya wadai au wadaiwa peke yao). Kama unataka ripoti ya mwisho wa mwezi tu, ngazi ya salio inakutosha na ni nyepesi, ngazi ya jono ichukue pale mtu anapotaka kuchimba mpaka muamala mmoja mmoja kwa ile sarafu ya pili. Kwa wanaotumia hledger, programu ya hesabu inayosoma faili la maandishi, reti unaandika hivi:

P 2025-01-31 USD 0.95 EUR

alafu unaomba ripoti kwa -X EUR. Inafaa kwa kuangalia haraka, ila kwenye mizania ya kawaida inapiga kila kitu kwa bei ya mwisho wa kipindi pamoja na mtaji, kwa hiyo ile 560 hutaiona popote, utaipiga mwenyewe.

Ukimaliza funga kipindi na ufunge na jedwali la reti pia. Watu wanafunga jono wanasahau reti, mtu anakuja kurekebisha reti moja ya Januari mwezi Aprili, mara ripoti ya Januari uliyoituma na ile iliyoko kwenye mfumo hazifanani tena.