Somo: Kuandika sheria ya uraia kwa maeneo tegemezi

Maeneo tegemezi ni maeneo yanayotawaliwa na dola nyingine bila kuwa sehemu yake kamili. Mfano tutakaotumia ni Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983.

Hatua ya 1: Yataje maeneo moja moja kwenye jedwali. Sheria hiyo huyaorodhesha katika Jedwali la 6. Eneo likipata uhuru, linafutwa humo bila kuvuruga vifungu vingine.

Hatua ya 2: Andika haki kwanza, jina la uraia baadaye. Hapa ndipo miswada mingi huharibika. Chini ya sheria hiyo, mtu wa maeneo haya aliitwa "Raia wa Maeneo Tegemezi" na alipewa pasipoti yenye jina la Uingereza, lakini kuishi Uingereza hakuruhusiwa mpaka apate kibali. Na hata kwao mambo hayakuwa mepesi, maana visiwa vya Bermuda na Cayman, ambavyo ni baadhi ya maeneo hayo, vina sheria zao za kuamua nani ni mwenyeji. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa raia kwenye karatasi na asiwe na mahali anapoingia kwa haki. Weka kifungu kinachosema wazi: "ana haki ya kuingia na kuishi katika…", kisha taja eneo.

Hatua ya 3: Panga njia: kuzaliwa, kurithi, kuandikishwa, tajnisi (mgeni kupewa uraia kwa kuomba). Ukiweka kikomo kwenye kurithi, ongeza kifungu cha kumwokoa mtoto ambaye angebaki bila uraia wowote. Fafanua "mzazi" pia. Sheria ya Uingereza ya kabla ya 1983 haikumruhusu mama kurithisha uraia, na kwa watu wa maeneo haya dosari hiyo ilikuja kurekebishwa 2022.

Hatua ya 4: Tunga kifungu cha mpito, kinachosema nani anakuwa raia eneo linapopata uhuru. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa humo na mzazi wake mmoja akazaliwa humo alikuwa raia papo hapo. Asiye na mzazi wa namna hiyo alipewa miaka miwili ya kuomba. Wengi wenye asili ya Bara Hindi walibaki na pasipoti za Uingereza, na Machi 1968 Bunge la London likawafungia mlango. Ukiweka muda wa mwisho, andika pia anayechelewa anabaki raia wa wapi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, kubadilisha jina la uraia tu kunasaidia?
Jibu: Hapana. Tarehe 26 Februari 2002, katika jina "Raia wa Maeneo Tegemezi", neno "Tegemezi" likawa "Ng'ambo", na haki zikabaki zilezile. Uraia kamili wa Uingereza ulikuja tarehe 21 Mei mwaka huo, isipokuwa kwa wale ambao uhusiano wao ulikuwa na kambi za kijeshi za Uingereza za Akrotiri na Dhekelia, kisiwani Kupro, pekee.

Swali: Mbona wazaliwa wa Nairobi na wa Mombasa walikuwa na hadhi tofauti enzi za Mwingereza?
Jibu: Nairobi ilikuwa ndani ya koloni. Ukanda wa pwani, ilipo Mombasa, ulikuwa himaya, yaani ardhi ya Sultani wa Zanzibar iliyolindwa na Uingereza, na mzaliwa wake kwa kawaida alihesabiwa mtu anayelindwa na Uingereza tu, si raia wake.

Swali: Na Marekani?
Jibu: Tazama Samoa ya Marekani. Mzaliwa wake si raia, na pasipoti yake inasema hivyo, ila anaingia na kuishi popote Marekani. Kura ya rais ndiyo hana.