Riwaya na Filamu Yake Darasani: Anza na Dakika Tatu

Nafundisha fasihi sekondari, na kila ninaposahihisha insha za kulinganisha kitabu na filamu nakutana na sentensi ileile: "Filamu imeacha mambo mengi yaliyomo kitabuni." Ni kweli, ila haikupi alama. Watengenezaji wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja kwenye skrini. Filamu ya saa mbili basi inatokana na kurasa 120 hivi, tena zenye nafasi tupu nyingi kuliko maneno. Riwaya ya kurasa 300 itaingiaje humo nzima? Lazima ikatwe. Unachotakiwa kuuliza ni kitu gani kiliwekwa mahali pa kilichokatwa, na hadithi ikageukaje kwa sababu hiyo.

Soma kitabu kwanza. Ukianza na filamu, sura ya mwigizaji itakuganda kichwani na maelezo yote ya mwandishi utayavika sura hiyo. Soma ukiwa na penseli, lakini usipige mistari kila mahali kama mtu anayepaka rangi ukuta. Weka alama sehemu za aina mbili tu: pale msimulizi anapoingia ndani ya mawazo ya mhusika, na pale anapoukunja muda. Huko ndiko kamera hupata taabu.

Chukua sentensi hii, nimeitunga mwenyewe: "Jioni hukaa mlangoni akimngoja mwanawe, na majirani wameshaacha kumuuliza." Mwandishi amemaliza miaka kwa mstari mmoja. Kamera haiwezi kusema "hukaa". Inaonyesha jioni moja, ile iliyo mbele yake. Mwongozaji atafanyaje? Anaweza kuunganisha jioni tatu fupi, nguo za mama zikibadilika na kiti kikibaki kilekile. Anaweza kuchukua jioni moja tu, jirani akapita pale mlangoni akiangalia chini. Au ataweka sauti ya msimulizi juu ya picha, njia ambayo mimi huiona ya uvivu, ingawa wapo wanaoitumia kwa ustadi. Njia ya kwanza inatuonyesha subira ya mama. Ya pili inahamishia lawama kwa majirani, ambao kitabuni hawakuwa na kosa lolote. Ukiweza kuieleza tofauti hiyo, umeshaanza uchambuzi.

Ukimaliza kitabu, itazame filamu nzima mara moja bila kuandika chochote. Cheka, lia, chukia mwisho wake. Kisha chagua onyesho moja la dakika tatu hivi ambalo limo pia kitabuni, na ushughulike na hilo peke yake. Wanafunzi wengi hawapendi kusikia hivyo. Wanaona dakika tatu ni chache mno kuandikia insha. Wajaribu waone.

Lirudie onyesho hilo sauti ikiwa imezimwa. Bila maneno utaanza kuona aliyesimama na aliyekaa, nani yuko kwenye mwanga na nani gizani, kamera inamtazama mhusika kutoka chini akaonekana mkubwa au kutoka juu akaonekana mdogo. Halafu ligeuzie mgongo, usikilize tu. Muziki unaingia wapi? Kuna mlio wowote ambao asili yake haionekani kwenye picha? Na je, kuna kimya mahali ulipotarajia maneno? Mwisho litazame kamili, ukisimamisha kila picha inapokatwa na nyingine kuanza. Chora jedwali la safu nne: dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, na ukurasa wa kitabu unaohusika. Safu ya nne itakuwa na mapengo. Yazungushie duara, maana hayo ndiyo mwongozaji aliyoyaongeza mwenyewe. Kama mko wengi, gawaneni: huyu mwanga, huyu sauti, huyu mikono na macho ya waigizaji. Mtabishana, na hoja za insha mara nyingi hutoka kwenye ubishi huo.

Kuhusu mkato wa picha, fanya jaribio kwa simu kabla ya kuandika neno. Baada ya mapinduzi ya 1917 nchini Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usio na hisia yoyote ya wazi, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa usoni, kisha huzuni, na uso ulikuwa uleule. Mrekodi mwenzako akitazama tu, unganisha na vitu viwili tofauti, waonyeshe wengine. Ukishaona jambo hilo kwa macho yako hutaandika tena "mwigizaji ameonyesha huzuni" bila kuangalia kwanza picha iliyotangulia na iliyofuata.

Sasa hoja yenyewe. Tafuta badiliko moja kubwa na ulifuate hadi kwenye dhamira. Mwaka 1957 Akira Kurosawa alihamishia tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, kwenye Japani ya enzi za mabwana wa vita, katika filamu inayojulikana kwa Kiingereza kama Throne of Blood. Mistari ya Shakespeare haimo, na wachawi watatu wamekuwa kiumbe mmoja anayesokota uzi msituni. Lakini mimi ningeandika juu ya mwisho. Kwenye tamthilia, Macbeth anauawa na Macduff, mtu ambaye mkewe na watoto wake waliuawa kwa amri ya Macbeth: kisasi kinalipwa na mrithi halali anarudi. Kwenye filamu anamiminiwa mishale na askari wake mwenyewe. Hakuna mwenye haki anayekuja kusafisha mambo. Badiliko moja, na dhamira ya madaraka imechukua njia nyingine. (Mishale mingi iliyorushwa karibu na mwigizaji Toshiro Mifune ilikuwa ya kweli. Habari tamu, ila usiiweke kwenye insha.)

Na ukijisikia kuandika kwamba mwongozaji "ameharibu" kitabu, mkumbuke Ousmane Sembène wa Senegali. Aliandika kwa Kifaransa, kisha akaingia kwenye sinema ili awafikie watu wasiosoma vitabu vyake. Xala ilitoka kama riwaya mwaka 1973 na kama filamu mwaka 1975, kazi zote mbili ni zake. Hapo huwezi kudai kuwa mwongozaji hakumwelewa mwandishi. Unabaki na swali moja tu: kwa nini mtu yuleyule, akiwa na kamera, alisimulia kwa namna nyingine?

Kwenye kuandika sina mengi. Andika vitenzi katika wakati uliopo, taja ukurasa na dakika, na kila sentensi ya ulinganisho ibebe vitu viwili vinavyoonekana. "Filamu inasikitisha zaidi" haibebi hata kimoja. "Riwaya inatupa miaka ya kungoja kwa mstari mmoja, filamu inatupa kiti kilekile huku nguo zikibadilika" inabeba vyote.

Kama mtihani ni wa kuandika bila kuitazama filamu, usikariri mazungumzo, utayachanganya. Kariri mfuatano wa picha tano au sita za onyesho lako, kwa mpangilio wake: uso, mlango, mkono, kiti kitupu, mlango tena. Andika mfuatano huo pembeni mwa karatasi mara tu unaporuhusiwa kuanza, kabla hujasoma hata swali la kwanza.