Kupunguza Kelele za Mazoezi ya Shabaha Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Anayefanya mazoezi ya bunduki ya hewa katika fleti za Ujerumani, ambako utulivu wa usiku huanza saa nne, akilalamikiwa kelele huishuku bunduki kwanza. Mara nyingi kosa si la bunduki. Bunduki ya mashindano ya mita 10, yenye risasi za milimita 4.5, huzirusha kwa takriban mita 170 kwa sekunde, yaani nusu tu ya mwendo wa sauti, hivyo hazitoi mpasuko mkali wa risasi zinazoupita mwendo huo. Kinachomfikia jirani ni kishindo cha risasi kugonga chuma cha sanduku linalozipokea.

Kwa hiyo anza na sanduku. Nyuma ya karatasi ya shabaha weka tabaka nene la puti laini isiyokauka, ile ambayo mafundi umeme huzibia matundu ya nyaya, na risasi zitazama humo kwa sauti hafifu, huku sehemu kubwa ya vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu, ikinaswa humo humo. Usiweke raba ngumu wala ubao mtupu, kwa sababu huweza kuirudisha risasi kwa mpigaji. Miwani ya kinga ivaliwe hata hivyo. Sanduku lisifungwe ukutani kwa skrubu, maana zege husafirisha mtikisiko hadi ghorofa nyingine, bali likae juu ya stendi nzito iliyowekewa zulia nene chini, kitovu cha shabaha kikiwa mita 1.4 kutoka sakafuni kama mashindanoni. Kisha mtu mwingine asimame kwenye ngazi, mlango ukiwa umefungwa, asikilize unapopiga mara chache. Bunduki ya springi hutikisika zaidi kuliko ya hewa iliyoshindiliwa, na hilo puti haitalitibu.

Sheria ya huko huruhusu mazoezi haya nyumbani kwa bunduki ya hewa ambayo nishati ya risasi zake haizidi jouli 7.5, yenye alama ya F ndani ya pembetano, mradi risasi isiweze kutoka nje ya eneo lako. Funga mlango kwa ufunguo, shusha pazia, na uzungumze na majirani mapema, kwani anayeona bunduki dirishani bila maelezo ana haki ya kuwaita polisi. Ukimaliza, pitisha hewa chumbani, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, unawe mikono.

Baada ya saa nne usiku, fanya mazoezi makavu: bunduki nyingi za mashindano zina swichi inayoruhusu kufyatua bila hewa wala risasi, na mkono hujifunza utulivu ule ule.