Usaili na mhitimu wa chuo cha Marekani: jiandae hivi ukiwa Tanzania

Mdogo wangu uliyeomba chuo Marekani, ukipata baruapepe ya mhitimu anayetaka kuzungumza nawe, usishtuke. Anajitolea tu. Mtaongea kati ya nusu saa na saa nzima, kisha ataandikia chuo ripoti. Pale Yale, kwa mfano, mhitimu haoni fomu yako ya maombi, hivyo usimwambie "kama nilivyoandika". Msimulie upya.

Hatua ya 1: Saa. Saa 4 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni kwetu mwezi Oktoba, lakini Desemba ni saa 12 jioni, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu hurudisha saa nyuma. Tena yeye ataandika 10, nawe usije ukasoma saa kumi. Unapomjibu, taja saa za pande zote mbili.

Hatua ya 2: Matukio matatu. Yaandike kwa vidokezo: shida uliyoitatua, kitu unachokifanya bila kuagizwa na mtu, na siku uliposhindwa. Usikariri. Swali likigeuzwa kidogo tu, aliyekariri hupotea.

Hatua ya 3: Toka nyuma ya "sisi". Hapa ndipo vijana wetu wengi wazuri wanapopotelea. Binti mmoja niliyemwandaa alisema, "Tulianzisha klabu ya kupanda miti." Nikamuuliza, wewe ulifanya nini? Akanyamaza. Baadaye ikatoka kwamba ndiye aliyekwenda ofisi ya kata kuomba miche, ndiye aliyepanga zamu za kumwagilia, na likizo nzima alitembea kwenda shuleni peke yake ili miche isife. Yote hayo alikuwa ameyafunika kwa neno moja! Tumelelewa kuona kujitaja ni majivuno, na mbele ya mkubwa tunainamisha macho. Mtu wa huko anaweza kudhani huna la kusema. Taja waliokusaidia, kisha sema wazi sehemu yako. Ukisema kweli, hujajisifu.

Hatua ya 4: Ongea kwa sauti. Mwombe mwalimu akuulize kwa Kiingereza, ujirekodi kwa simu. Utasikia mwenyewe mahali unapotafsiri kichwani kabla ya kujibu, hapo rudia. Akiuliza kwa nini chuo chao, "ni maarufu" haitoshi: taja kozi, maabara au mradi unaoutaka. Andaa pia maswali mawili kuhusu maisha yake alipokuwa mwanafunzi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Bando liwepo, simu ijae chaji mapema maana umeme hauna ahadi. Iegemeze kwenye vitabu ifike usawa wa macho. Waambie wa nyumbani wapunguze redio. Ukikwama, omba sekunde chache za kufikiri, inaruhusiwa kabisa.

Siku hiyohiyo mtumie baruapepe fupi ya shukrani, utaje jambo moja mlilozungumza.