Somo: Kulisha samaki wa tangi chakula cha friza bila kuwachafulia maji

Habari wakuu. Mtu akinunua pakiti yake ya kwanza ya minyoo myekundu iliyogandishwa, mara nyingi hufanya nilichofanya mimi. Anabandua kipande, anakitumbukiza kikiwa jiwe, kisha anavuta kiti atazame. Samaki wanakigombania kama watoto na barafu ya ukwaju. Kesho yake asubuhi maji yana ukungu kama yaliyooshea mchele, na samaki wawili wanahema juujuu. Lawama zinaangukia chakula, wakati kilichochafua maji ni supu iliyoganda pamoja nacho, na kipande kilichokuwa kikubwa kuliko njaa yao.

Hatua ya 1: Jua unalisha tumbo la nani

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbuna wa Ziwa Nyasa maisha yake yote anakwangua utelezi wa kijani kwenye mawe. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umeumbwa kusaga majani taratibu. Tropheus wa Ziwa Tanganyika ni hivyohivyo, akiwemo yule duboisi wa Kigoma ambaye utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe. Ukiwapa hawa nyama nyingi, utumbo unavimba na wanakufa. Frontosa wa ziwa hilohilo ni habari nyingine kabisa: huyo anawinda samaki wenzake, kwa hiyo kamba na minofu ni haki yake. Cyprichromis anakula vijidudu vinavyoelea majini, mpe Artemia, yaani vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi.

Ukichanganya mbuna na frontosa tangi moja, lisha kwa kumfuata mbuna. Frontosa atavumilia majani, mbuna hatavumilia nyama ya kila siku.

Hatua ya 2: Nunua au tengeneza

Vya dukani vinavyopatikana zaidi ni Artemia, mysis (hao nao wanafanana na kamba wadogo) na minyoo myekundu. Hiyo ya mwisho tunaiita minyoo tu, lakini ni mabuu ya wadudu, ndugu wa wale wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Kuna watu wanawashwa mikono na macho wakiishika. Ukijiona hivyo, vaa glavu au achana nayo. Artemia naye anaishi maji ya chumvi kali. Upande wa Malindi alipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi miaka ya 1980.

Mimi siku hizi natengeneza mwenyewe. Naamkia Feri, soko la samaki la Dar, nachukua nusu kilo ya kamba wadogo, wale ambao wapishi hawawagombanii. Nyumbani nawamenya, natoa ule uzi mweusi wa mgongoni, nawapitisha kwenye maji yanayochemka dakika moja. Naongeza fungu la mchicha uliochovywa maji ya moto na kikombe cha njegere zilizomenywa ganda. Nasaga, lakini nisifikie uji. Kwa mbuna nageuza hesabu: mchicha na njegere vinatawala, kamba ni wa kunusisha tu. Chumvi, mafuta na viungo haviingii. Kitunguu saumu watu wanakisifia sana. Nilikitia mwaka mzima, sikuona tofauti zaidi ya friza kunuka.

Cha kushikisha: jelatini ni rahisi kupata, lakini inaanza kulegea maji yakikaribia nyuzi 30, na tangi la Dar mwezi wa Februari linafika huko bila taabu. Agari-agari inayotumika kwenye vitindamlo inastahimili joto hilo. Chemsha unga wake kwenye maji hadi uyeyuke, acha upoe kidogo, changanya na chakula kabla haujaganda.

Hatua ya 3: Gandisha bapa

Usigandishe donge. Mimina kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, toa hewa, laza juu ya sinia, sawazisha kwa kiganja hadi unene wa milimita 4 hivi. Baada ya saa moja, kabla haijawa jiwe, kandamiza mistari kwa mgongo wa kisu upate miraba ya sentimita moja. Siku ya kulisha unavunja mraba mmoja kama chokoleti. Andika tarehe. Mimi navuka miezi mitatu kwa nadra, kwa sababu chakula kikikaa sana kinakauka kingo na mafuta yake yanachacha humohumo kwenye baridi.

Hatua ya 4: Yeyusha, suuza

Weka mraba kwenye kikombe chenye maji ya tangi, subiri dakika 10. Maji ya moto na maikrowevu sahau. Kisha mimina kwenye chujio la chai juu ya sinki. Ukilisha minyoo myekundu utaona maji mekundu yanashuka: huo ni uchafu ambao ungegeuka amonia na chakula cha ukoga tangini. Suuza mara moja tena. Cha kutengeneza nyumbani kimeshikana, kinahitaji kuoshwa kidogo tu.

Hatua ya 5: Lisha

Zima filta ili chakula kisivutwe, lakini weka alamu ya simu ya dakika 5. Nimewahi kuisahau usiku kucha. Toa kidogokidogo kwa kibano au bomba la sindano lisilo na sindano, na peleka kona mbili, mana yule mbabe wa tangi hawezi kulinda zote. Kinachoisha ndani ya dakika 2 kinatosha. Kilichobaki kitoe. Kwa samaki wazima, chakula cha friza mara 2 au 3 kwa wiki, siku nyingine chakula kikavu cha chembe, na siku moja wafunge.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, huku kwetu Mbeya umeme umekatika kwa saa tisa, chakula kimelainika. Nikigandishe tena?*

Kama katikati bado pana barafu, rudisha. Kama kimelegea chote, tupa. Kugandisha hakuui bakteria, kunawalaza tu, na saa zile za joto wameshazaana. Mimi niliona uchungu wa kutupa mfuko mzima, nikagandisha upya. Nilizika labidochromis wa manjano (aina ya mbuna) wanne ndani ya wiki. Siku hizi naweka chupa mbili za maji yaliyoganda juu ya mifuko, zinanisogezea muda.

*Naomba kujua, kugandisha si kunaua minyoo ya samaki wabichi?*

Minyoo mingi, ndiyo, baridi ikiwa kali. Kwa samaki wanaoliwa wabichi na watu, Wamarekani wanataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa na watoto haifiki hapo. Ndiyo maana napitisha kwenye maji ya moto kwanza.

*Dagaa wabichi wa Kigoma je? Ni bei rahisi kuliko kamba.*

Kwa frontosa sawa, ila wasiwe chakula pekee. Samaki wengi wa jamii hiyo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na friza haikigusi. Moto unakivunja. Wachemshe kidogo, na uchanganye na chakula kingine. Waliokaushwa kwa chumvi usiguse.

*Mbuna wangu amevimba tumbo, choo ni uzi mweupe, hali kitu tangu juzi. Nilikuwa nawapa minyoo myekundu kila siku.*

Pole sana dada. Simamisha chakula siku 3 kwa tangi zima, badilisha theluthi ya maji ukitumia maji yaliyotolewa klorini, ongeza hewa. Huyo mtenge. Akianza kutafuta chakula, rudi na njegere tupu. Akiendelea kukataa huku anahema kwa nguvu, sitakudanganya, wengi hawarudi. Waokoe waliobaki: hiyo pakiti mpe mwenye frontosa.

*Nina betta mmoja tu. Mraba wa sentimita si mlima kwake?*

Ni mlima. Katakata kwa wembe kikiwa bado kimeganda. Tumbo lake ni dogo, mabuu matatu au manne yanamtosha.

*Mke wangu hataki kuona hayo madude karibu na nyama ya watoto. Nifanyeje?*

Yuko sahihi, shemeji asigombezwe. Tafuta kopo lenye mfuniko, liandike jina, likae rafu ya chini. Kisu, ubao na chujio la samaki viwe vyao. Mimi la kwangu ni chujio la kijani lililotoboka pembeni, na bado wiki jana nilimkuta mgeni anachujia nalo chai.